Milioni 32 mkononi: nyumba ya Makorora, uani kwa mama, au kiwanja cha Kange?

Barua

Assalaam aleikum,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nina miaka 41. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, mara nyingi hayupo nyumbani. Mwaka jana tuliuza shamba la minazi tulilorithi Pangani, fungu langu likawa milioni 24. Nikijumlisha na milioni 8 za akiba yangu ya SACCOS, nina milioni 32. Nataka nyumba ya kupangisha ili nikistaafu nisikae kusubiri pensheni peke yake. Sijawahi kupangisha hata chumba kimoja.

Nina njia tatu mbele yangu, na kila mtu ananivutia kwake.

Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita pale Makorora. Ilikuwa ya babu yao aliyekwishafariki, sasa wajukuu na watoto wake wanataka kuiuza milioni 55. Kila chumba kinapangishwa elfu 35 kwa mwezi. Chumba cha nyuma anakaa mjomba wao, ila wanasema atahama tukishalipana. Dalali anasema karatasi si tatizo, tutaandikishana serikali ya mtaa na mjumbe atashuhudia. Anataka nitoe milioni 5 kabla ya Ijumaa ya kuishikilia, kwani kuna mtu wa Dar naye anaitaka. Benki wameniambia naweza kukopeshwa kiasi kilichobaki kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka.

Ya pili, mama yangu mzazi ana kiwanja Mikanjuni, nyumba iko mbele na uani kuna nafasi kubwa. Anasema, "Kwa nini ukanunue kwa watu wakati uani kwangu kupo?" Tumezaliwa watano, wa kike wawili na wa kiume watatu.

Ya tatu ni kiwanja changu mwenyewe Kange, kimepimwa, nilikipata 2016, nina barua ya toleo tu, ile ya kupewa kiwanja, hati sijafuatilia. Hakina kitu zaidi ya nyasi. Fundi mmoja ameniambia kwa simu kuwa nyumba mbili za chumba, sebule, jiko na choo ndani, zikiwa pamoja chini ya paa moja, atanijengea kwa milioni 26 mpaka kunipa funguo. Jirani wa pale anapangisha za namna hiyo kwa elfu 120 kwa mwezi.

Nianzie wapi? Na hawa wapangaji huishi nao vipi mtu ambaye hajui kugombana?

Mwalimu, Donge

Majibu

Wa aleikum salaam, Mwalimu.

Tuanze na dalali, maana ndiye anayekukimbiza. Usitoe milioni 5. Usitoe hata laki 5. Mtu wa Dar yupo katika kila nyumba inayouzwa Tanga, na kwa kawaida huondoka kimya kimya Ijumaa ikipita.

Nyumba ya marehemu haiuzwi kwa kuwa wajukuu wamekaa kikao wakakubaliana. Kwanza mirathi iwe imefunguliwa mahakamani na msimamizi awe ameteuliwa. Kama ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi atakuwa na Fomu Na. IV, ndiyo karatasi ya uteuzi wake. Iombe, kisha nenda na namba ya shauri kwenye mahakama iliyoitoa uulize mambo mawili: uteuzi bado uko hai au ulitenguliwa, na je, msimamizi amekwisharudisha Fomu Na. V ya orodha ya mali na Na. VI ya hesabu ya mgawanyo? Jibu la swali la pili linabadilisha mtu wa kuuziana naye. Mgawanyo ukiwa umefungwa na nyumba imekwenda kwa warithi, wauzaji ni warithi wote, kila mmoja na sahihi yake, akiwemo yule aliyeko Muscat ambaye hakuna anayemtaja. Kama mgawanyo haujafungwa, msimamizi ndiye muuzaji, na hata hapo taka ridhaa ya warithi kwa maandishi, maana kesi za namna hii huanzishwa na mrithi mmoja aliyesema hakushirikishwa.

Barua ya serikali ya mtaa ina kazi yake. Inamtambulisha mtu na inathibitisha kuwa majirani wanamjua. Haihamishi umiliki. Kama nyumba ina hati kwa jina la babu, msimamizi anapaswa kwanza kuandikishwa kwenye daftari la msajili badala ya marehemu, ndipo zifuate Fomu Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Kabla ya hapo yote omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, ujue jina lililoko kwenye daftari, kama pana rehani au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Ushuru wa faida ya mauzo ni wa muuzaji. Dalali akikwambia "hiyo mnunuzi ndiye hulipaga," iandikeni wazi kwenye mkataba kuwa si wewe.

Halafu huyo mjomba. Mtu anayekaa bure kwenye nyumba ya baba yake si mpangaji, na ukishanunua yeye hatakuwa na mkataba wa kuvunja. Nyumba ikabidhiwe tupu chumba hicho, mkiwa mmesimama humo ndani, ndipo fungu la mwisho la fedha litoke. "Atahama tukishalipana" maana yake kumhamisha itakuwa kazi yako. Na wapangaji wa vyumba vingine vitano waulize wewe mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake: analipa kiasi gani, amelipa mpaka mwezi gani, kwa nani. Mara nyingi utakuta wawili wamekwisha kulipa miezi sita mbele kwa mrithi mmoja, na fedha hiyo imeshaliwa. Utanunua nyumba yenye vyumba vilivyojaa usivyoweza kuvidai kodi hadi mwakani.

Sasa hesabu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoifunga nyumba hii hata karatasi zikiwa safi. Vyumba sita kwa elfu 35 ni laki 2 na elfu 10 kwa mwezi, yaani 2,520,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa wazi, inabaki 2,310,000. Toa asilimia 10 inayokwenda serikalini, inabaki 2,079,000. Nyumba ya zamani yenye choo kimoja cha uani na bati lililoshika kutu haiwezi kukutoka chini ya laki 4 na nusu za matengenezo kwa mwaka, ukichukua wastani wa miaka kumi. Umebaki na kama milioni 1.6. Kwa bei ya milioni 55 hiyo haifiki asilimia 3. Mkopo wa milioni 23 kwa riba ya asilimia 17 unadai riba tupu ya 3,910,000 mwaka wa kwanza, karibu laki 3 na elfu 26 kwa mwezi, wakati kodi yote ya nyumba, vyumba vikiwa vimejaa, ni laki 2 na elfu 10. Mshahara wako ndio utakaokuwa unaipangisha nyumba.

Ukitaka fedha yako ikuletee asilimia 7 baada ya gharama, nyumba hiyo kwa kodi hizo haistahili kununuliwa kwa zaidi ya milioni 23. Hawatakuuzia kwa bei hiyo, na hawana kosa. Thamani yake iko ardhini, kwa mtu atakayeibomoa akaweka fremu za maduka. Mwachie huyo.

Kwa mama pagumu zaidi, kwa kuwa hapa huongei na dalali. Jengo hufuata ardhi. Ukijenga uani kwa mama, siku Mungu akimchukua, vile vyumba vinaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba ya mbele, na kwa mirathi ya Kiislamu kaka zako kila mmoja anapata mara mbili ya fungu lako. Watano mkiwa ndio warithi pekee, watatu wa kiume na wawili wa kike, mali inakatwa mafungu manane, lako ni moja. Tuseme umeweka milioni 26, unapewa moja ya nane ya jumla, na wa kukushuhudia kuwa fedha ilikuwa yako ni stakabadhi za saruji, kama ulizitunza.

Njia halali ipo: mama akupe sehemu hiyo kwa hiba, yaani zawadi, angali hai na mwenye akili timamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi na ndugu zako wote wakijua, na wewe uipokee kweli, siyo kwa maneno. Hiba isiyokabidhiwa hubishaniwa. Kisha kiwanja kigawanywe rasmi kwa kibali cha mipango miji, jambo ambalo kwa kiwanja kidogo linaweza kukataliwa. Kama mama hayuko tayari kwa hayo, au kaka zako wananuna, mwambie kwa upole kwamba uani pake pabaki pa kuanikia nguo. Utakuwa umenunua undugu kwa bei rahisi.

Basi tunabaki Kange, na huko kuna jambo ambalo hukuliuliza. Barua ya toleo siyo hati, na ina masharti. Lile linalosahaulika ni la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Wewe una miaka mingi ya nyasi. Kiwanja kisichoendelezwa na kisicholipiwa pango la ardhi kinaweza kufutiwa miliki. Kabla ya mfuko mmoja wa saruji kwenda pale, nenda ofisi ya ardhi na barua yako, ulipe malimbikizo ya pango la ardhi pamoja na adhabu kama ipo, ukamilishe ada za hati, na uangalie matumizi yaliyoandikwa ni makazi. Chukua mpima akuonyeshe mawe ya mipaka kwa macho yako. Jirani aliyejenga ukuta anaweza kuwa amekula mita moja bila hata kujua. Kisha kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, pamoja na ramani iliyochorwa, ambamo utaandikiwa umbali wa kuacha kutoka barabarani na kwa majirani. Alama ya X nyekundu ukutani haiulizi kama ulikuwa na nia njema.

Hesabu ya Kange: nyumba mbili kwa elfu 120 ni 2,880,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja mmoja wa kukaa wazi, 2,640,000. Toa asilimia 10, inabaki 2,376,000. Weka laki 3 za matengenezo, na elfu 70 hivi za kodi ya majengo, pango la ardhi na vidogo vidogo. Mkononi milioni 2. Ile milioni 26 ya fundi siiamini. Ni tarakimu moja iliyosemwa kwa simu, haina shimo la maji taka ndani yake wala kuvuta umeme, naweza kubashiri. Iweke 29. Milioni 2 juu ya 29 ni karibu asilimia 7, bila deni, juu ya ardhi yako. Si utajiri, itachukua zaidi ya miaka 14 kurudisha fedha. Lakini kila tarakimu hapo unaweza kuikagua, na unapaswa kuikagua: siku moja ya Jumamosi tembea Kange kutoka upande wa stendi ya mabasi kuingia ndani, uulize nyumba kumi za namna hiyo zinalipiwa ngapi na ya mwisho ilikaa wazi muda gani. Kama watatu wakikwambia "hii ina miezi minne haijapata mtu," kodi ya kuweka kwenye hesabu ni elfu 100, siyo 120.

Kuhusu kujenga. Mwambie fundi akuandikie mahitaji kwa idadi, siyo kwa jumla. Nyumba mbili za mita 5 kwa 7 zilizobebana, jumla mita 10 kwa 7, zina kama mita 61 za ukuta ukihesabu wa kati na za ndani. Kwa kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, ni karibu mita za mraba 158, na tofali za nchi 6 huenda kama 10 kwa kila mita ya mraba. Hizo 1,580, ongeza za kuvunjika, halafu kama 600 za msingi. Jumla 2,250 hivi. Akikuletea hesabu ya 3,500, muulize nyingine zinakwenda kujenga kwa nani.

Tofali ndipo wanapokuibia kwa urahisi. Mfuko wa kilo 50 unatoa tofali nzuri 25 hadi 30 za nchi 6. Ukisikia mtu anajisifu anatoa 45, huo ni mchanga uliopakwa saruji. Chukua msumari uikwaruze: nzuri inaacha alama nyembamba, mbovu inamwagika kama sukari. Idondoshe kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu. Ikipasuka vipande, usiipokee. Na zimwagiliwe asubuhi na jioni siku saba, kivulini. Tofali iliyokaushwa juani siku mbili ikapakiwa garini haijakomaa, imekauka tu.

Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa pwani ni rahisi, na huonekana msafi kuliko wa mto, ndiyo maana watu hudanganyika. Chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa mwaka mzima. Rangi inabetuka, plasta inaanguka kuanzia chini, na nondo ndani ya zege zinaota kutu, zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kuujua si kazi: loweka konzi mbili kwenye glasi ya maji safi, acha utuame, onja maji. Ukisikia chumvi, gari ligeuze. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa ya bahari, nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zisilale juu ya ubao. Ziinuliwe kwa zile biskuti za zege ili zifunikwe angalau sentimita 4 kila upande. Lenta iwe nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege moja kwa mbili kwa nne likipimwa kwa ndoo, siyo kwa koleo. Bati geji 28, siyo 30. Kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene. Msingi na mbao za kenchi zipigwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa, maana baada ya hapo dawa haina pa kuingilia.

Bomba la choo la nchi 4 literemke sentimita 2 na nusu kila mita. Likilala sana linaziba. Shimo la kuhifadhi maji taka liwe na vyumba viwili na shimo la kunywea maji pembeni, mbali na kisima chochote, walau mita 30. Hapo usibane fedha: choo kilichofurika ndicho kinachowafukuza wapangaji wazuri, wabaya hubaki.

Anza msingi masika yakishapita, kuanzia Juni, ili upaue kabla ya vuli ya Oktoba. Usimkabidhi fundi fedha ya vifaa. Nunua mwenyewe, umlipe ufundi kwa hatua: msingi, kozi ya lenta, kupaua, plasta, umaliziaji. Shika asilimia 10 ya ufundi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige paa. Fedha ambayo hatua yake haijafika isilale bure kwenye akaunti ya kawaida; kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako unachukua fedha yako ndani ya siku chache za kazi.

Na jenga hivi: msingi, kuta na paa za zote mbili kwa pamoja, kisha malizia upande mmoja tu. Pangisha huo. Ukiona kodi halisi ya Kange na fedha iliyobaki, malizia wa pili. Vifaa vikipanda bei katikati, utakuwa na nyumba moja inayoingiza fedha badala ya mbili zisizo na milango.

Kila nyumba iwe na LUKU yake tangu siku ya kwanza. Mita moja yenye sabmita, yaani mita ndogo ya kugawana, inaonekana nafuu mpaka mtu wa kwanza aseme jirani anachomeka hita. Tena kuna hesabu ndani yake: TANESCO kwa mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya VAT na tozo, kundi la kawaida ni shilingi 292. Familia mbili kwenye mita moja zinavuka 75 kwa urahisi na wote wanahamia bei ya juu. Kodi ya majengo nayo hukatwa humo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni mpangaji anaponunua umeme. Andika kwenye mkataba kuwa utairudisha kwenye kodi yake. Ni elfu 18 kwa mwaka, na inakujengea heshima kuliko rangi mpya. Mita zote mbili zikikatwa kodi hiyo wakati jengo ni moja, peleka namba zake TRA warekebishe.

Sasa wapangaji, maana umesema hujui kugombana. Mkataba mzuri ni wa mtu asiyejua kugombana. Uandikwe kwa Kiswahili, uwe na jina na namba ya NIDA ya mpangaji, kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande, watu wangapi watakaa, nani anazibua choo na nani anabadilisha kitasa. Pokea dhamana ya mwezi mmoja na uiandike kando, isichanganyike na kodi. Siku ya kukabidhi funguo piga picha kila ukuta, bomba na soketi, mtumie kwa simu hapo hapo akiwa amesimama nawe. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku utakapouhitaji. Chukua TIN, namba ya mlipakodi. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi atakukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kukupa cheti. Akiwa mtu binafsi, nenda TRA mwenyewe, usingoje wakuhesabie wao pamoja na riba.

Kabla ya kumpokea mtu, mpigie mwenye nyumba wake wa zamani, siyo wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifia ili ahame.

Ukilipwa miezi sita, laki 7 na elfu 20, gawa siku hiyo hiyo: laki moja na elfu 20 ni ya mwezi huu, nyingine si zako bado. Tenga na ile ya TRA na ya matengenezo kwenye akaunti ambayo kadi yake iko kabatini.

Akichelewa, mkumbushe kwa maandishi siku ya tano, siyo ya arobaini. Ikishindikana, usifunge kufuli, usikate maji, usitoe mlango. Ukifanya hivyo mdai atakuwa yeye. Mpeleke Baraza la Ardhi la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, kwa hiyo likishindwa chukua cheti chake uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamuru atoke. Nenda na mkataba, zile picha, na nakala za kumbusho zako zenye tarehe.

Dalali akipiga simu Ijumaa, mwambie unaomba namba ya shauri la mirathi na nakala ya Fomu Na. IV. Kisha chukua barua yako ya toleo, panda daladala uende ofisi ya ardhi kabla hawajafunga.